Kupiga Picha za Majumba na Sanamu za Kale, Iringa na Mbeya



Siku hizi ni nadra kuona nyumba isiyo na picha. Simu aliyo nayo kijana mfukoni hupiga picha safi kuliko kamera kubwa za miguu mitatu walizokuja nazo wageni wa zamani, wala haina haja ya sahani za kioo wala ya chumba cha giza. Twapiga picha za arusi, za ubatizo, za watoto wanaomaliza shule, hata za chakula mezani kabla hakijaliwa. Lakini ingia katika nyumba ishirini ukaulize: Nani anayo picha ya mlango wa kanisa letu la kwanza? Nani anayo picha ya mtaa wa sokoni jinsi ulivyokuwa kabla ya kujengwa maghorofa? Utaona watu wanatazamana.

Basi mwezi huu nataka kuwaandikia habari ya picha za vitu visivyotembea, yaani majumba, mitaa, sanamu, nguzo za ukumbusho, milango na makaburi. Nitasema zaidi habari za Iringa, maana ndiko miguu yangu ilikozoea, kisha nitakwenda Tosamaganga, na mwisho nitavuka kwenda Mbeya na Rungwe.

Kwanza yafaa tutazame nchi ya mbali kidogo. Huko Italia uko mji uitwao Firenze, mji uliojaa sanamu za mawe na makanisa ya karne nyingi. Mwaka 1852 mtu mmoja, jina lake Leopoldo Alinari, alifungua humo duka la picha, na baadaye nduguze wawili, Giuseppe na Romualdo, wakaungana naye. Kazi yao kubwa ilikuwa kupiga picha za sanamu, za michoro, za mitaa na za madaraja. Wasafiri wakazinunua kwa ukumbusho wa safari zao, na pengine wenyeji waliona ni biashara tu. Hata ulipofika mwezi wa Agosti 1944, katika vita kuu ya pili, majeshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, yakirudi nyuma mbele ya adui zao, yaliyavunja kwa baruti madaraja ya mto Arno katika mji ule, yakaliacha moja tu. Miongoni mwa yaliyoanguka lilikuwa daraja la Santa Trinita, la karne ya 16, lenye sanamu nne za majira ya mwaka. Watu wa Firenze hawakukubali kujengewa daraja jipya la namna nyingine. Waliopoa mawe ya zamani kutoka mtoni, wakachimba mengine ya kuongezea, na msanifu Riccardo Gizdulich akachungua picha za Alinari apate kujua matao yale yalipinda namna gani. Mwaka 1958 daraja likasimama tena. Kichwa cha sanamu mojawapo, ile ya majira ya kuchipua, kilikuwa kimepotea, nacho kilionekana chini ya mto mwaka 1961 kikarudishwa shingoni pake.

Nimeileta habari hii makusudi. Wale walionunua picha za Alinari kwa kujifurahisha hawakujua kwamba siku moja karatasi zile zingewafundisha waashi.

Sasa turudi kwetu. Jina la Iringa latoka katika neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, mji wa Mtwa Mkwawa, na Wadachi waliivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Mwaka 1896 wakaanza kujenga mji mpya juu ya kilima kinachotazama mto wa Ruaha Mdogo, na huo ndio Iringa ya leo. Kwa hiyo mtu akitembea katika mitaa ya juu anatembea katika mji uliopewa jina la ngome, ijapokuwa ngome yenyewe ilibaki bondeni imebomoka. Hilo pekee latosha kumfanya mtu aitazame Iringa kwa macho mengine.

Jengo ambalo ningemshauri kila mwanafunzi aanze nalo ni lile Boma. Lilijengwa zamani za Wadachi, karibu na mwaka 1900, likawa nyumba ya serikali kwa miaka mingi, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Kuta zake ni nene, nazo zafundisha mambo mengi kuliko maandishi yaliyotundikwa ndani. Ukifika hapo usitoe kamera kwanza. Lizunguke jengo lote, pande zake zote nne, ukitazama mahali ambapo kazi ya mikono yaonekana: jinsi matofali yalivyopangwa juu ya dirisha, kizingiti kilivyoliwa na nyayo za watu, bawaba na makomeo yaliyofuliwa na mhunzi. Ukisha kuzunguka ndipo uanze: picha ya jengo zima kwa kila upande, kisha picha za vitu kimoja kimoja. Watu wengi hufanya kinyume chake. Hupiga mlango mmoja mzuri wakaenda zao, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye mlango ule ulikuwa upande gani wa nyumba.

Kuna jambo la jua ambalo watu hawalifikiri. Iringa iko kama digrii 8 kusini mwa mstari wa ikweta, na Mbeya karibu digrii 9. Kwa sababu hiyo, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba jua letu huchomoza, hupita, na kutua likiwa upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini haupati jua hata kidogo. Mtu anayetaka picha nzuri ya ukuta wa namna hiyo atakwenda mwezi wa Julai, mwezi mkavu wenye mbingu safi, naye atarudi na picha nyeusi akadhani simu yake ni mbovu. Simu haina neno. Na angoje Novemba au Desemba, jua lihamie kusini, ajihimu asubuhi na mapema kabla mawingu ya mvua hayajakusanyika. Ukuta unaotazama mashariki ni wa saa moja na saa mbili za asubuhi, na unaotazama magharibi ni wa saa kumi na moja jioni. Saa sita ya mchana ni ya kula ugali, maana jua likiwa utosini matofali yote huonekana kama ubao mmoja, bila kivuli wala umbo.

Tena, ukipiga jengo refu usiinamishe kamera nyuma kutafuta paa, maana kuta zitaonekana kama zinaanguka kisogo. Rudi nyuma, au omba ruhusa upande baraza la jirani upige kwa kuisimamisha kamera wima. Na yafaa kumsimamisha mtu karibu na ukuta, au kuegemeza fimbo ya urefu unaojulikana, ili atakayeitazama picha ajue ukubwa wa jengo.

Mtaa wa soko na mitaa ya maduka ya Wahindi nayo ina mambo mengi: baraza, nguzo za mbao, na jumba la ibada la Waismailia lenye mnara wa saa. Hapa shida ni wingi wa watu na magari. Jumapili asubuhi, wengi wakiwa makanisani, mitaa huwa na nafasi, lakini sitaki kumwambia Mkristo aache ibada kwa ajili ya nguzo. Jumapili saa kumi jioni yatosha.

Mbele ya kituo cha polisi iko nguzo ya ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Hapo usipige picha kimyakimya. Ingia, sema hodi, eleza unachotaka. Kambi za askari, madaraja makubwa na ofisi za serikali ni vivyo hivyo. Kijana akikamatwa na simu yake kwa kutouliza, asiseme anaonewa.

Kwa kuwa nimetaja ukumbusho, niseme habari za sanamu. Sisi watu wa bara hatuna sanamu nyingi za shaba, lakini ziko mbili za Dar es Salaam ambazo historia yake yatufaa. Mwaka 1909 Wadachi walisimamisha pale mjini sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani. Bwana amesimama juu, na chini miguuni pake yuko askari Mwafrika, akimtazama, anaifunika bendera juu ya simba aliyekufa. Vita kuu ya kwanza ikaja, Waingereza wakauteka mji mwaka 1916, sanamu ikaondolewa. Baadaye ilipelekwa Hamburg, ikasimamishwa huko mwaka 1922, na wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1967, na tena mwaka 1968. Na pale Dar es Salaam, mahali pake, mwaka 1927 ikawekwa sanamu ya Askari, ambayo iko hata leo. Sasa weka picha mbili hizo pamoja mezani. Katika ya kwanza askari yuko chini akitazama juu. Katika ya pili askari yuko juu peke yake na bunduki yake. Hakuna kitabu kiwezacho kuwaonyesha watoto wa darasa la tano mgeuko ule upesi kama picha mbili hizo, nazo hazingelinganishwa kama hakuna aliyepiga ile ya kwanza kabla haijaondolewa.

Kwetu nako iko nguzo ya Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski mahali pale, naye mwenyewe akauawa. Wadachi wakajenga nguzo kwa ajili ya wafu wao. Mtu akisoma maandishi ya mawe kama hayo huona herufi zimelika kwa mvua. Wengine huzikwaruza kwa msumari au kuzisugua kwa chaki ili zitokee, na huko ni kuliharibu jiwe. Yako mapato bora: nenda jua likiwa chini, mwanga upite ubavuni mwa jiwe, na kila herufi itajaa kivuli chake. Kama jua limeshika upande mwingine, chukua kioo cha kujitazamia, mwenzako asimame mbali kidogo autupe mwanga kwa upande. Nimeona jiwe la kaburi lililodhaniwa kuwa tupu likisomeka jina zima kwa kioo cha ukubwa wa sahani.

Kalenga ni habari nyingine. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 asishikwe na adui, nao wakakata kichwa chake. Mapatano ya amani ya Versailles ya mwaka 1919 yalitaja kwamba fuvu lake lirudishwe, hata hivyo miaka 35 ikapita. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilileta Kalenga kutoka Bremen, na hata leo limo katika nyumba ya makumbusho pale. Watu hunijia wakiuliza kama ni halali kulipiga picha. Mimi nasema, muulize kwanza mlinzi wa nyumba, na akikuruhusu, jiulize tena mwenyewe. Kichwa cha mtu si tofali. Wako wajukuu na vitukuu wake katika vijiji vile vile. Mimi hupendelea kupiga nyumba, mlango, na mti wa uani, nikatoka.

Tosamaganga haiko mbali, kusini-magharibi ya Iringa, juu ya kilima. Jina lenyewe watu hulieleza kuwa ni "tupa mawe". Mapadre Wabenediktini, Wadachi wa St. Ottilien, ndio walioanza misheni ile mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya vita kuu ya kwanza kuwaondoa, mwaka 1919 wakaja wamisionari wa Consolata, Wataliani, ambao shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa kuwa mtakatifu mwezi wa Oktoba 2024. Wataliani wale walijenga kama watu wa kwao. Ukipanda kilima kile waona paa za vigae vyekundu na kanisa kubwa linalosimama juu ya nyumba zote, nawe utadhani kipande cha Italia kimeshuka kati ya mashamba ya mahindi. Torino yenyewe yasifika kwa mitaa yake yenye matao na nguzo, ambamo mtu aweza kutembea zaidi ya kilometa kumi mvua isimguse. Mwenye kutaka kujua jengo lina ukoo na nchi gani, na alinganishe matao.

Lakini jambo ninalotaka mlitazame Tosamaganga, na katika kila misheni ya kale, si Utaliani wake. Tazameni tofali. Udongo ule ni wa kwetu, kuni zilizouchoma zilikatwa kwetu, maji yalibebwa vichwani mwa mama zetu, na waashi na maseremala walikuwa vijana waliofundishwa kazi pale pale. Jina la padre aliyesimamia ujenzi hukaa katika kitabu. Jina la kijana aliyepanga tao la dirisha halikukaa popote ila katika midomo ya wazee, na wazee wanakwisha. Kwa hiyo napenda picha za karibu sana. Katika tofali moja moja utaona alama ya vidole vya mtu aliyelitoa katika kibao, udongo ukiwa mbichi. Picha ya kanisa zima hupigwa na kila mgeni. Alama ya vidole ni nani aipigaye?

Nami nimeona mambo ya kusikitisha. Kuna kanisa moja, sitalitaja, ambalo ukuta wake wa mbele ulifunikwa kwa plasta na rangi kwa ajili ya sikukuu ya jubilei. Milango ya zamani, ya mti mgumu, iliyochongwa kwa patasi, ilitolewa na mbao zake zikawa kuni za wapishi wa sherehe ile ile. Wazee walionung'unika waliambiwa hawapendi maendeleo. Nilipotafuta picha ya milango ile nilipata moja tu, na katika hiyo bibi arusi ameifunika nusu yake. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walitaka nyumba ya Mungu ipendeze, na bati jipya halivuji. Hakuna aliyewaambia kwamba yafaa kupiga picha kwanza, saa moja ya kazi, kabla ya patasi kufika.

Wala tusitegemee sana ulinzi wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa ni jengo la kale lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863, na jengo la baada ya hapo hulindwa tu likitangazwa na Waziri. Hesabuni wenyewe. Rungwe ilianza 1891. Mji wa Iringa ulianza 1896. Tosamaganga, Tukuyu, yote ni ya nyuma ya mwaka ule. Katika Nyanda zetu za Juu karibu kila jengo la matofali tunaloliita la kale ni changa machoni pa sheria, nalo laweza kubomolewa na mwenye nalo siku atakayo, asipate lawama.

Sasa nije kwenye picha zilizokwisha pigwa, maana hatukuwa watu wa kwanza. Wadachi walipiga sana picha. Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekaa Dar es Salaam tangu 1906, alizunguka nchi na kamera yake, na picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyumba ya kumbukumbu za serikali ya Ujerumani. Wamisionari wa Moravian walipeleka picha zao Herrnhut, makao yao, na nyingi kati yake leo zaonekana bure kwa kila mtu katika maktaba ya intaneti ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, pamoja na picha za misheni nyingine nyingi. Mwalimu mwenye simu na fedha kidogo ya vocha aweza kuziona akiwa Tukuyu.

Nilizitazama usiku mwingi. Kanisa limeandikwa jina. Mlima umeandikwa jina. Mzungu ameandikwa jina lake na la mkewe. Kisha wako watu ishirini mbele ya ukuta, wameshika mapauro na bilauri za udongo, na chini yake limeandikwa neno moja tu, waashi, au wanafunzi, au Wanyakyusa. Nilimwonyesha mzee mmoja wa jirani zangu picha ya namna hiyo, ya kijiji alichozaliwa. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya mtu wa tatu kutoka kushoto akasema, huyu asimamavyo na mguu wa kulia mbele, huyu ni wa ukoo wa fulani, wote husimama hivi. Mwanawe alicheka. Lakini siku ya pili mzee alitumwa mjukuu wa ukoo ule aje atazame, naye alipoingia mlangoni akasimama, mguu wa kulia mbele.

Sisemi kwamba huo ni ushahidi wa mahakamani. Nasema kwamba mpiga picha yule angeuliza jina, ingekuwa kazi ya dakika moja.

Ndiyo sababu nawahimiza ninyi walimu: picha pasipo jina isihesabiwe kuwa imekwisha. Kwa picha iliyochapwa, andika nyuma kwa kalamu ya risasi laini, wala si ya wino, maana wino hupenya karatasi. Andika mahali, tarehe, upande wa jengo unaotazamwa, jina la kila mtu aliyemo kutoka kushoto hata kulia, na jina la mtu aliyekueleza habari zake. Kwa picha za simu, uwe na daftari la kawaida, kila picha na namba yake, maana simu huibwa, huanguka mtoni, hubadilishwa kila miaka miwili, na picha huenda nayo. Nakala moja iwekwe kwa mchungaji au padre pamoja na vitabu vya ubatizo, nyingine ibaki shuleni. Na mtu uliyempiga picha ukamwahidi nakala, mpelekee nakala yake. Vijijini wako watu waliopigwa picha mara hamsini na wageni, na hawana hata moja ukutani.

Upande wa Mbeya nitasema kwa ufupi. Mji wenyewe ni mdogo kwa umri. Ulianza mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa, na mitaa yake ya kwanza hupendeza zaidi kwa sababu ya mlima ulio nyuma yake kuliko kwa ufundi wa nyumba. Mwenye kutaka majumba na ashuke kusini. Tukuyu, iliyoitwa Neu-Langenburg na Wadachi, ina boma lake. Karibu yake iko Rungwe, ambako Theodor Meyer na wenzake wa Moravian walifika mwaka 1891, na mmoja wao akafa mwaka ule ule. Makaburi ya Wamoravian, kwa desturi yao ya tangu Herrnhut, hulazwa mawe chini, tajiri na maskini sawasawa, pasipo jiwe la kusimama juu ya jingine. Kwa mpiga picha hilo ni fumbo kidogo, maana jiwe lililolala hutaka upande ngazi au ushike kamera juu kabisa ya kichwa, na kioo chako kikae chini majanini. Tena Rungwe kuna mvua nyingi mno, na ukungu. Usiukimbie ukungu. Jiwe lenye umande, bila jua, huonyesha rangi zake za kweli.

Na huko Mbozi, ambako sasa ni mkoa wa Songwe tangu 2016, kiko kimondo, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, urefu wake kama meta 3 na uzito wake ni wa tani nyingi. Wenyeji walikijua zamani. Mpima ardhi William Nott alikitangaza kwa wageni mwaka 1930, na wakati ule sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Udongo wa pembeni ukachimbwa, kikaachwa juu ya nguzo ya udongo iliyoimarishwa baadaye kwa saruji. Najua si sanamu wala si jengo. Lakini katika nchi hizi mikono ya watu haikuwa mchongaji wa pekee. Pale Isimila, kando ya njia ya Iringa kwenda Mbeya, maji ya mvua yamechonga nguzo za udongo ndefu kuliko mnara wa kanisa, na chini yake zimeokotwa shoka za mawe za watu wa kale sana. Kwa kimondo nawaomba mpige picha ya pembe zilizokatwa kwa msumeno na watu waliotaka vipande vya kuchunguza. Nyuso hizo laini zinang'aa, na jioni hushika rangi ya mbingu.

Wengi wameniuliza kama kazi hii yataka kamera ya bei kubwa. Haitaki. Yataka miguu, daftari, na kutokuona haya kubisha hodi. Shule moja ikichukua kanisa lake na nyumba tano za jirani, watoto wa darasa la sita wakagawanywa wanne wanne, mmoja wa kupiga, mmoja wa kushika fimbo ya kipimo, mmoja wa kuandika, mmoja wa kuwauliza wazee, kazi hukwisha kwa Jumamosi tatu. Ukuta wa mashariki uwe wa Jumamosi ya kwanza, asubuhi. Wa magharibi uwe wa Jumamosi ya pili, jioni. Ya tatu iwe ya wazee, kila mzee barazani kwake, na picha zimekwisha chapwa ili aziguse. Ukuta wa kusini, kama huu ni mwezi wa kiangazi, uachwe kwanza mpaka jua lirudi upande wake.